Yai Lisilo na Protini

Mwalimu wangu wa Baiolojia ana miaka kumi na saba, anavaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, na viatu vyake namnunulia mimi. Ni binti yangu, kifunguamimba. Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hivyo alipewa jina la mama yangu, na tangu siku alipoletwa nyumbani kwa blanketi mimi humwita Mama. Nikitaka maji nasema, "Mama, niletee maji." Akinikemea kwa kutomaliza zoezi nasema, "Sawa, Mama." Mtu asiyetujua akipita chini ya dirisha letu atadhani kuna bibi kizee mkali anayeishi mle ndani.

Ilikuwaje mwanamume wa miaka arobaini na minane akarudi kusoma jinsi seli inavyogawanyika? Mlaumuni bosi wangu. Nimemuuzia dawa za mifugo dukani mwake hapa mjini Eldoret miaka mingi sana, hata kuna ng'ombe wa kutoka Plateau hadi Chepsaita ninaowajua kwa magonjwa yao kuliko ninavyowajua wenye ng'ombe hao kwa sura. Sasa Januari moja bosi alinikalisha chini akanipa chai. Nikajua kuna neno, maana yule mtu hapeani chai bure.

"Mzee," akaniambia, "nataka mtu mwenye cheti cha afya ya mifugo hapa kwa kaunta. Kuna chuo kitakuchukua, lakini wanataka C ya Baiolojia. Wewe uko na nini?"

"D."

"Basi fanya ile mtihani tena mwaka huu. Ukipita, hii kazi ni yako mpaka uzeeke. Usipopita itabidi nitafute kijana mwenye karatasi. Usinichukie."

Sikumchukia. Nilimaliza chai yake hadi majani. Lakini niliogopa, nisidanganye. Mtu wa umri wangu akiachishwa kazi haanzi nyingine, anaanza kulala mchana na kuwakosoa majirani.

Hiyo D ina historia, na nyumbani kwangu wote wanaijua. Nilipokuwa shule nililipenda sana somo lenyewe. Mama yangu alikuwa ameshaamua nitakuwa daktari wa ng'ombe. Alilima viazi na njegere kule Timboroa, kwenye baridi ya kukata masikio, na akikutana na mtu njiani, kabla hajajibu salamu, alikuwa ameshamwambia kwamba kijana wake anasomea udaktari. Basi siku moja mwalimu alituletea ute wa yai tuupime protini. Kazi yenyewe ni rahisi. Unatia ute kidogo kwenye neli, kile kichupa chembamba cha maabara, unaongeza dawa, unatazama. Ile buluu ikigeuka zambarau, protini ipo. Ikibaki buluu, haipo. Neli yangu ilibaki buluu. Nikaandika kwamba yai halina protini.

Mwalimu alisoma jibu langu mbele ya wote, kisha akauliza kama kuku wa kwetu hutaga mawe. Kuanzia siku hiyo hadi tulipomaliza shule, nikiingia darasani walinisalimia kwa sauti ya kuku anayetaga, darasa zima, hata wale wapole wa kwaya. Mtihani wa mwisho ulipofika nao ukaja na mambo ya neli na rangi. Nikaandika buluu, buluu, kahawia, kahawia, nikatoka nje nikijiamini. Matokeo yalipotoka mama yangu aliitazama ile karatasi kwa muda, akaikunja, akasema neno moja tu: "Ulicheza."

Sikuwa nimecheza. Lakini mama yako akikwambia miaka thelathini kwamba ulicheza, mwishowe unaanza kuukumbuka huo mchezo wenyewe.

Kwa hivyo tulianza, mimi na mwalimu wangu, kila jioni baada ya chakula. Yeye naye alikuwa kidato cha nne, tungefanya mtihani mmoja mwaka mmoja, kila mtu shuleni kwake, na alinichukua kama mzigo aliotwishwa na Mungu ili autue salama. Alianza na kugawanyika kwa seli. Alienda chumbani, akarudi na soksi zangu zote, akazimwaga juu ya meza ya chakula.

"Hizi ni kromosomu," akasema. "Kila moja iko na mwenzake. Moja ilitoka kwa baba, moja kwa mama. Panga jozi."

Nikapanga. Kazi ya kupanga soksi hata mtoto wa chekechea anaiweza.

"Baba, hii ni ya kijani na hii ni kahawia."

"Zinafanana."

"Baba, wacha jokes."

"Ni stima ya hapa. Taa imefifia."

Mke wangu akadakia kutoka jikoni kwamba hata siku ya harusi yetu nilikuja na soksi mbili zisizojuana, na kwamba yeye aliona aibu lakini mahari ilikuwa imeshaliwa. Mwalimu wangu alipumua kwa kelele, akazipanga mwenyewe. Kisha akanieleza. Katika mgawanyiko wa kwanza, ule wa kukuza mwili, kila soksi hutolewa nakala yake, halafu zinagawanywa kwenye droo mbili, kila droo ikiwa na seti kamili. Katika ule wa pili, wa kutengeneza mbegu na yai, jozi zinatenganishwa, kila upande unaondoka na soksi moja ya kila jozi.

"Kumbe ni talaka," nikasema.

Akafikiri. "Eeh. Kama talaka."

Nilielewa papo hapo, maana talaka nimeziona. Kuanzia hapo sikukosa tena swali la mgawanyiko wa seli, na bado kila nikivaa soksi nahisi kama natenganisha ndoa ya watu.

Tatizo lilianza tulipofika kwenye urithi. Kitabu kilianza na yule mtawa wa zamani aliyepanda njegere bustanini akihesabu ndefu na fupi, nami nikamwambia mwalimu wangu kwamba mama yangu amepanda njegere maisha yake yote na hakuna aliyemwandika kitabuni. Halafu nikamwambia jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, kwamba mtoto hufuata yule aliyepewa jina lake. Yeye ni mkali kwa sababu mama yangu ni mkali. Anakunja paji la uso vile vile, na ananyoosha kidole vile vile.

"Baba, jina haliko kwa jeni."

"Nani amesema?"

"Biology imesema."

"Basi haijakuona ukikasirika."

Wiki hiyo alinipa mtihani wa majaribio aliouandika kwa mkono. Swali moja liliuliza kwa nini mtoto anaweza kufanana na bibi yake kuliko mama yake mzazi. Nikaandika kwa mwandiko safi: kwa sababu aliitwa jina lake. Alinipa sifuri, akaongeza maelezo kwamba nikirudia jambo hilo atamwambia bosi wangu atafute yule kijana. Nilicheka, lakini sifuri ile iliniuma. Agosti ilikuwa inakaribia na bado nilikuwa nabahatisha nusu ya majibu.

Nikaamua kusoma hata kazini. Nilikuwa nimenunua kitabu cha marudio kwa mama mmoja anayeuza vitabu vilivyotumika, ameviweka juu ya gunia kando ya barabara, karibu na soko. Mama mwenyewe ni wa huko magharibi, mcheshi, na siku ile ya kununua nilimbembeleza bei hadi akanishangaa. Sasa nikiwa kwa kaunta, wateja hawapo, nikafika ukurasa wenye picha ya duara lililojaa nukta nukta, kama mtu amemwaga dengu. Juu yake kuna swali: Unaona namba gani? Nikatazama. Nikageuza kitabu. Nikakisogeza dirishani. Hakuna namba. Dengu tupu.

Nikajua nimeuziwa kitabu cha kunakiliwa vichochoroni. Wale wakora wamesahau kuchapa namba! Na kama wamesahau namba, wamesahau nini kingine ambacho kingeniangusha mtihani? Saa ya chakula cha mchana nilifunga duka, nikashuka hadi sokoni kwa hasira ya haki kabisa.

"Mama, hiki kitabu chako ni feki," nikasema, na sikusema polepole. "Angalia hapa. Wanauliza namba na namba hawajaweka."

Mama wa vitabu akakipokea, akafuta mkono kwenye leso, akatazama. "Si hii hapa? Arobaini na tano."

"Wapi?"

"Hapa, Baba. Nne. Tano. Hata mimi niliyeishia darasa la saba naiona."

Watu wa Eldoret hawahitaji kualikwa. Mtu wa boda boda alizima pikipiki, akachungulia: arobaini na tano. Msichana aliyekuwa akinunua daftari: arobaini na tano. Mzee mmoja mwenye miwani yenye mkono uliofungwa uzi alikisogeza kitabu mbali, akakileta karibu, akatangaza arobaini na tano kama anasoma namba ya kura. Nikaanza kucheka nikidhani wamepatana. Nikawaambia mmezoeana sana nyinyi. Wakacheka pia. Kisha mama wa vitabu akaona maandishi madogo chini ya picha, yale ambayo mwalimu wangu hunikemea kila siku kwamba siyasomi. Akayasoma kwa Kiingereza, polepole, kidole kikifuata, halafu akanitafsiria: mtu asiyeona namba hapa ana upofu wa rangi, hatofautishi nyekundu na kijani vizuri, na huwa amezaliwa nao.

Hakuna aliyecheka. Mtu wa boda boda alinitazama kwa upole ulionikera kuliko kicheko. Mama wa vitabu akanirudishia kitabu kwa mikono miwili.

"Pole, Baba. Lakini kitabu ni kizuri," akasema.

Nilirudi dukani. Nilisimama mbele ya rafu zangu na kwa mara ya kwanza nikajiuliza nimekuwa nikizijua vipi zile chupa. Nikagundua sijawahi kutumia rangi. Dawa ya kupe naijua kwa umbo la kifuniko, ya minyoo kwa harufu, ya macho kwa herufi mbili za mwanzo. Mteja akisema nipe ile ya kijani, mimi humuuliza, ile ya ng'ombe ama ya mbuzi? Nilikuwa nimejijengea njia za panya nisijue kwamba barabara yenyewe sina.

Jioni nikamwambia mwalimu wangu. Alicheka sana nilipofika kwa mzee wa miwani. Halafu akaangalia miguu yangu, akaangalia soksi.

"Baba," akasema. "Yai."

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Buluu na zambarau, kwa macho yangu, ni mtu mmoja aliyebadilisha koti. Lile yai lilikuwa na protini, neli yangu iligeuka kama za wenzangu, na mimi niliandika nilichokiona, kwa ukweli wangu wote. Nikakasirika. Nilikasirika hadi nikasimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Nikakumbuka kule Timboroa tulikuwa na mti wa plamu nyuma ya nyumba, na mama yangu alinituma nichume mbivu, zile nyekundu, akauze kando ya barabara ya Nakuru. Nilikuwa naleta mbichi, zile watoto hula kwa chumvi, na mbivu pamoja. Alinichapa kwa kijiti cha mti ule ule, akisema navuna kama mtu aliyefumba macho, mpaka nikajifunza kuzibonyeza moja moja kabla ya kuchuma. Nilikuwa na miaka saba au minane. Nilikuwa mtoto mtiifu sana, na hakuna aliyejua, hata mimi.

Mwalimu wangu hakujua la kufanya na baba mwenye machozi, kwa hivyo alifanya analolijua. Alichukua karatasi akachora ukoo. Duara kwa wanawake, mraba kwa wanaume.

"Mwanaume ako na X moja na Y moja," akasema. "Hii shida iko kwa X. Y yako ulipewa na guka, baba yako. X yako ulipewa na shosho, mama yako. Yeye ako na mbili, hiyo ingine nzuri inamsaidia, ndio maana anaona sawa. Wewe uko na moja pekee, haina wa kuisaidia."

"Na wewe?"

"Mimi umenipa hiyo X yako. Uko na moja tu, huna ingine ya kupeana. Ya Mami ni nzuri, kwa hivyo naona poa. Lakini nimeibeba."

Nikaitazama ile karatasi. "Ngoja kwanza. Hiyo X ya mama yangu, ile ile aliyonipa, iko kwako?"

"Eeh. Nzima vile ilivyo."

"Na una jina lake."

"Baba, usianze."

Nikaanza. Ningeachaje? Msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na ndiye anayebeba ile X. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba yake baba, na ndiye anayebeba ile Y. Mdogo wa mwalimu wangu yuko shule ya bweni na jina la baba yangu na Y ya baba yangu. Wazee wetu hawakuwa na darubini wala neli, lakini mwenye jina na mwenye kromosomu ni mtu mmoja! Nikamwambia anirudishie alama za lile swali.

"Ni coincidence, imetokea tu," akasema.

"Nipe hata nusu."

Alinipa nusu. Niliifurahia nusu ile kuliko mshahara.

Lakini bado kulikuwa na mtihani, na kulikuwa na praktikali, ule mtihani wa maabara, na rangi ni rangi. Macho hayarudiwi kama somo. Kwa siku kadhaa nilienda kazini nikijua kwamba nitasoma mpaka nichoke, halafu Novemba nitapewa neli mbili za buluu nirudi kwenye D yangu. Nilikuwa nimeanza hata kumfikiria yule kijana mwenye karatasi, atakavyopanga rafu zangu.

Ni mwalimu wangu aliyekuja na dawa. Dawa ya kupima protini si kitu cha ajabu. Ndani yake mna mrututu, ule wa kuoshea kwato za ng'ombe, ambao mimi huupima kwa kilo, na mna kostiki soda, ambayo watengeneza sabuni wote wa mji wanaijua. Tukavaa glavu za mpira za dukani, zile za kuzalishia ng'ombe, zinazofika begani. Mwalimu wangu alionekana kama bibi harusi wa kutisha. Jumamosi baada ya kufunga tulipanga nyuma ya duka vichupa kumi vya sindano: vingine vina ute wa yai, vingine maziwa, vingine maji matupu. Akavichanganya nisijue kipi ni kipi, akanipa kingine kimoja cha maji cha kulinganishia.

"Usitafute rangi," akasema. "Hiyo huna. Weka cha maji kando ya hicho kingine juu ya karatasi nyeupe. Uniambie tu kama ni tofauti."

Wiki ya kwanza nilikosa sita kati ya kumi. Alikunja paji la uso, akanyoosha kidole, nikaona mama yangu amesimama pale na glavu begani. Wiki ya tatu nikaanza kuona kitu. Chenye protini kilikuwa kizito kidogo, kama chai iliyokaa kwenye birika ikilinganishwa na iliyomiminwa sasa hivi. Wiki ya saba nikapata kumi kwa kumi. Tulikunywa yale maziwa yaliyobaki bila kupimwa, tukaenda nyumbani.

Mageuzi ya viumbe ndiyo yalikuwa mada ya mwisho. Nilimuuliza maswali yote ambayo wazee wa kanisa huuliza, kuhusu nyani na kwa nini wale wa leo hawageuki. Alinijibu kwa subira ya mtu aliyechoka. Kisha akasoma kuhusu wadudu wanaozoea dawa, na hapo nikamnyang'anya kalamu. Nikamweleza habari za kupe. Mkulima anazimua dawa ili idumu, kupe dhaifu wanakufa, sugu wanabaki, wanazaana, na mwaka unaofuata yule mkulima anakuja kunigombeza mimi kwamba nimemuuzia maji. Kupe hajasoma wala hajaomba awe sugu. Amebakizwa tu. Mwalimu wangu aliandika maneno yangu kwenye daftari lake. Nilijifanya sioni, lakini roho yangu ilijaa.

Siku ya praktikali nilivaa suti, na hilo lilikuwa kosa. Nilipoingia maabara ya ile shule niliyosajiliwa, watoto wote walisimama wakaniamkia kwa pamoja. Msimamizi naye akanipa mkono, akauliza kama nimeleta karatasi za ziada. Nikamwonyesha namba yangu ya mtahiniwa. Alinitafutia kiti katikati ya vijana wawili, mmoja akaninong'oneza, "Buda, relax," yaani mzee, tulia. Nilimshukuru.

Swali la pili lilikuwa na kimiminika kisicho na jina, wamekiita K. Tupime kama kina protini. Nikatia K kwenye neli moja, maji kwenye nyingine, nikaongeza dawa zote mbili. Nikaziweka juu ya karatasi nyeupe ya maswali, nikainama.

Buluu. Na buluu.

Nilisikia kuku. Naapa niliwasikia, darasa zima, hadi wale wa kwaya. Nikafumba macho, nikayafumbua. Nikaacha kutafuta rangi. Nikatazama kama ninavyotazama nyuma ya duka, uzito kwa uzito. Neli ya K ilikuwa nzito kidogo. Nikazibadilisha mahali, kushoto kulia. Bado K ilikuwa nzito. Nikashika kalamu nikaandika, kwa Kiingereza cha mtihani, kwamba ile buluu imegeuka zambarau, protini ipo. Nimeishi karibu nusu karne na sijawahi kuiona zambarau, lakini siku ile niliiandika bila kusita.

Matokeo yalikuja kwenye simu. Mwalimu wangu alipata A. Mimi nilipata C, C yenyewe, bila kuongezwa wala kupunguzwa. "Si mbaya kwa mtu wa umri wako," akaniambia, kisha akanikumbatia hadi kofia yake ikaanguka. Bosi alinipa chai, safari hii na mandazi mawili, akasema chuo ni Mei.

Jumapili iliyofuata tulipanda Timboroa kumwona mama yangu. Tulimkuta ameketi nje kwenye jua la baridi, anamenya njegere. Nikasema, "Mama," na wote wawili wakaitika. Nikamwambia mkubwa kwamba nimepita. Akasema Mungu ni mwema, na kwamba safari hii sikucheza.

"Hata ile ya kwanza sikucheza, Mama," nikasema.

Nikamweleza yote, dengu zisizo na namba, yai, X. Binti yangu alisaidia kwa njegere mkononi, hii ni yako, hii ni yake. Mama yangu alisikiliza bila kuacha kumenya. Halafu akaacha.

"Kwa hivyo nilikupa mimi."

"Si makosa, Shosho," binti yangu akasema haraka. "Hata wewe ulipewa."

Mama yangu alikung'uta maganda mapajani. Kisha akatuambia habari ya kaka yake, mjomba wangu, aliyekufa nikiwa mdogo. Alitaka kazi ya reli, hapa hapa stesheni ya Timboroa. Wakampima kwa taa, wakimuuliza hii ni gani na hii ni gani, wakamfukuza. Alirudi nyumbani akasema taa zote zilikuwa moja. Baba yao alimwita mlevi, na jina hilo lilimfuata hadi kaburini. "Na mimi nilimcheka," mama yangu akasema. "Nilimcheka sana."

Ule mti wa plamu bado uko nyuma ya nyumba, umezeeka, unazaa upande mmoja. Niliona macho yake yameenda huko, yakakaa. Nilitamani aseme kitu, sina haja ya kuficha. Mtu wa miaka arobaini na minane bado anatamani. Mama yangu haombi msamaha. Hilo sijui lipo kwenye kromosomu gani. Alimpa mjukuu wake sinia la njegere, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta karibu.

"Wewe mwenye jina langu," akamwambia. "Siku moja utapata kijana. Mkimtuma plamu akaleta mbichi, asichapwe. Mpeni chumvi ale."